Wekundu

Ukurasa wa tatu wa fomu unauliza:
Je, ngozi ina wekundu?
Ndiyo. Hapana. Weka alama moja.

Ilembo, saa moja na nusu asubuhi,
ukungu bado umelalia pareto
na Bibi Sikujua Mwashitete anakunja mkono wa sweta
polepole, kama anamenya kiazi cha moto.
Wa kushoto kwanza. "Huu ndio mkaidi," anasema.

Natafuta wekundu.
Nimefundishwa siku nne kuutafuta
kwenye picha za watu ambao damu yao
husomeka kwa nje kama herufi za bango.
Hapa naona mkono uliochuma maua miaka thelathini,
uvimbe kutoka kifundo hadi kiwiko,
magamba, michirizi ya kucha,
na majimaji yanayong'aa kabla ya kukauka.
Wekundu? Siuoni.
Naweka alama: Hapana.

Naegesha kadi ya rangi kando ya ngozi, napiga picha.
Kadi ina vyumba kumi na viwili.
Hakuna hata kimoja alichopangishwa yeye.

"Unaandika nini?"
"Kwamba hakuna wekundu."
Anacheka mpaka kikohozi kinamkatiza.
"Nani kakwambia mwasho una rangi moja?
Asubuhi ni bilinganya changa.
Mchana, nikitoka kuanika maua,
ni bilinganya iliyolala sokoni siku tatu.
Usiku ni jivu juu, kaa la moto chini.
Ukipona unaacha weusi wa sufuria,
na weusi huo hukaa kuliko wageni wa msiba."

Niliyaandika pembezoni, kwa penseli,
maneno yakiizunguka fomu kama siafu.

Kisha sindano ya ganzi, kisha kijisu cha mviringo,
mdomo wake mwembamba kuliko kalamu.
Kipande kikaelea kwenye kichupa,
punje ya ulezi, basi.
Bibi akakiinua kichupa kwenye mwanga.
"Na hii mtaipanda wapi?"
Muuguzi alijifanya anatafuta pamba.

Mjini, kompyuta haisomi pembezoni.
Wachumaji mia mbili na kumi na mmoja,
wagonjwa kumi na tisa.
Daktari Ambakisye alifurahi, halafu akaacha kufurahi.
Usiku ule alirudia picha moja moja,
akaiweka punje ya Bibi chini ya hadubini:
chembe zimesongamana
kama watu siku ya mnada, wote wanapiga kelele.
"Huu ni moto," alisema, "na sisi tumeandika hapana."
Mimi ndiye niliyeandika. Alisema sisi.

Wiki iliyofuata alipanda mwenyewe, tope likivuta buti.
Kadi aliiacha kwenye gari.
Aligeuza kiganja, akaweka mgongo wa mkono wake
juu ya mkono wa Bibi,
kama mtu anayempima homa mtoto aliyelala,
akatulia hivyo muda.
"Panachoma," alisema, sijui akimwambia nani.

Sasa kuna fomu mpya:
Ngozi hii imebadilikaje
kutoka ilivyo siku zote? Eleza kwa maneno yako.
Mstari mmoja, nukta arobaini.
Majibu ya Bibi yalivuka nukta,
yakavuka nambari ya ukurasa,
yakaishia nyuma ya karatasi.

Dawa ya kupaka iliisha kabla ya mavuno, hilo niliseme.
Glavu alizopewa, tatu zimechanika;
ya nne ameuvisha mche wa parachichi
usiunguzwe na baridi.
Anachuma bado. Kilo ni kilo.

Na jana jioni, nikioga,
nikaona shingoni mwangu,
pale inapolala kamba ya kitambulisho,
bilinganya changa.
Miezi miwili nimekuwa nikijikuna hapo,
nikitazama kioo,
nikijijibu: Hapana.